Kura Tatu na Mkutano wa Tabora

Kabla ya reli kuingia Tabora mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo iliifikia Unyanyembe, nchi uliko mji wa Tabora, wapagazi wamechoka na posho zimepungua, na hapo ndipo njia ilipogawanyika, moja ikienda Ujiji penye Ziwa Tanganyika, nyingine ikielekea kaskazini hata Karagwe na Buganda. Hivyo tangu zama hizo mji huu ulikuwa mahali pa kutua mzigo na kufanya shauri la safari. Huko huko ndiko TANU, chama kilichodai Uhuru wa Tanganyika, mwezi wa Januari 1958, ilikokwenda kuamua njia yake.

Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeamuru uchaguzi wa Kura Tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, naye awe ametimiza sharti la kipato, elimu au cheo. Amri hiyo ilikuwa dhuluma iliyo wazi, kwa kuwa umma mkubwa ulipewa kiti sawa na kila jamii ndogo, na wengi katika umma huo wakanyimwa hata kura. Wajumbe wengi walifika Tabora wamekwisha azimia kususia, wala ghadhabu yao haikukosa haki.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, kiongozi wa TANU, alikuwa amejiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi mmoja tu uliopita. Lakini katika mji ule ule alikosoma na kufundisha, alisimama kuwasihi wenzake waingie katika uchaguzi, maana kususia kungekiachia viti vyote chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kuipinga TANU. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali, na shauri lile likaitwa Uamuzi wa Busara. Mwana-TANU mmoja, Zuberi Mtemvu, hakuridhika, akatoka na kuunda African National Congress. Mimi simbezi: kukataa kushiriki dhuluma ni jambo la heshima, ijapokuwa katika hili naona walioshiriki ndio waliokuwa na haki.

Ushahidi wa hayo ni uchaguzi wenyewe, uliofanywa kwa sehemu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kwa kuwa kila mtu alilazimishwa kuchagua watatu, wafuasi wa TANU waliwachagua pia Wazungu na Waasia waliokubaliana na chama, kama Derek Bryceson na Amir Jamal. Na sharti lililowekwa ili kuwafunga likawa ufunguo mikononi mwao, UTP isipate hata kiti kimoja. Mwaka 1959 Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, akawa miongoni mwa mawaziri. Mwaka 1960 TANU ikachukua viti 70 katika 71, na Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

Wageni wafikao Tabora huonyeshwa nyumba ya Kwihara alimokaa Livingstone. Nawasihi wenyeji wawaeleze pia habari za wajumbe wa Januari 1958.