Jina Nyerere, na Majina ya Kwetu



Wapendwa waamini, juma hili tulitazame jina ambalo kila Mtanzania analijua, ingawa wanaoitwa hivyo ni wachache: Nyerere.

Hapo mwanzo halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa la mtu mmoja, mwana wa Burito, aliyezaliwa katika nchi ya Wazanaki yapata mwaka 1860, wakati viwavi walipovamia mashamba. Kwa Kizanaki nyerere ni kiwavi, na mtoto akabeba kumbukumbu ya baa lile. Baadaye akawa mtemi, akaoa wake 22, akafariki mwaka 1942. Mwanawe aliyezaliwa na Mugaya, mke wa tano, mwezi Aprili 1922, aliitwa Kambarage, jina la roho ya mvua. Alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akaongeza Julius, na nyuma yake likafuata jina la baba. Basi jina la viwavi likawa la ukoo katika kizazi kimoja tu, na leo linatajwa katika kesi ya Mtumishi wa Mungu iliyofunguliwa Jimboni Musoma mwaka 2005.

Huku kwetu Ngara majina mengi yangali katika hatua ile ya mzee Burito. Kwa desturi yetu, kama ilivyo kwa jirani zetu Warundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane. Bukuru na Butoyi ni mapacha, mkubwa na mdogo. Habimana hukiri kwamba Mungu yupo. Ndugu watatu wa tumbo moja waweza kuwa na majina matatu, na akina Minani wawili wasiwe na undugu wowote. Ndiyo maana, tunapochunguza kizuizi cha damu kabla ya ndoa (Kanuni ya 1091, hadi daraja la nne la ubavuni), hatutosheki na vyeti, tunawauliza wazee.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Urundi hadi Waingereza walipoiunganisha na Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka ulihamishwa, majina yalibaki pande zote mbili. Kwa hiyo jina Habimana halithibitishi kwamba mtu ni mgeni. Wakati wa Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowasaka wahamiaji wasio na vibali Kagera, Kigoma na Geita, swali la nani ni mwenyeji lilikuwa swali la kubaki nyumbani au kufukuzwa.

Sensa haitusaidii hapa, kwani tangu ile ya mwaka 1967 watu hawaulizwi kabila. Kitabu cha ubatizo husaidia: Kanuni ya 877 yadai yaandikwe majina ya wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Wazazi, leteni majina yenu kamili, yaleyale ya kila siku.

Wala msione haya kuleta jina la kwetu. Sheria ya mwaka 1917 ilitaka padre aongeze jina la mtakatifu endapo wazazi hawakulitoa. Ya mwaka 1983, katika Kanuni ya 855, inakataza tu jina lililo geni kwa fikra ya Kikristo. Butoyi si geni.