Boma Lenye Vitanda

Kwetu Kisii, boma ni nyumbani, na pia ni pale serikali inapokaa. Mwaka wa 1907 Waingereza walianzisha boma lao Getembe, mji tunaouita Kisii leo. Mwaka uliofuata Otenyo Nyamaterere akamchoma mkuki afisa wao, Northcote. Wakalipiza kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe.

Sasa twende Mikindani, pwani ya kusini ya Tanzania, karibu na Mtwara. Wajerumani walijenga boma hapo mwaka wa 1895, miaka sita baada ya kumnyonga Abushiri kule Pangani. Kuta nene, mnara wa kutazama bahari na mji. Ulinzi, sawa, lakini wenyeji walikuwa miongoni mwa walioogopwa. Waingereza wakalirithi, baadaye likaachwa likachakaa, hadi shirika la hisani la Trade Aid lilipolikarabati. Likawa hoteli, na vijana wa hapo wakafunzwa kazi.

Mimi sina shida na vitanda. Afadhali mshahara kuliko magofu. Lakini Wagusii nao walikuwa na ulinzi wao: ebisarate, kambi ambamo vijana walilala wakilinda ng'ombe dhidi ya wavamizi. Serikali ya kikoloni ikazipiga marufuku. Hazikuwa za mawe na chokaa, kwa hivyo hakuna ukuta wa kukarabati wala mgeni wa kulipia chumba.

Jengo la mkoloni limedumu, basi tunadhani historia ni yake. Ukienda ocha Disemba, muulize babu egesarate ya ukoo wenu ilikuwa wapi. Andika jibu.