Jukwaa la Kukodi: Miaka ya Mwanzo ya Mwimbaji Roland Hayes, 1905–1924

Katika mijadala ya sera ya lugha na utamaduni, hudhaniwa mara nyingi kwamba sanaa ya watu waliodharauliwa haina budi kukubaliwa kwanza ndipo ipewe jukwaa. Maisha ya Roland Hayes, Mmarekani Mweusi aliyeimba sauti ya tatu, yaani teno, yanaonesha mfuatano tofauti: jukwaa lilitangulia, heshima ikafuata.

Hayes alizaliwa mwaka 1887 huko Curryville, jimboni Georgia, na wazazi waliokuwa wamepitia utumwa. Baada ya baba yake kufariki, familia ilihamia Chattanooga, ambako kijana huyo alifanya kazi katika kiwanda cha kusubu chuma. Huko ndiko aliposikia santuri za Enrico Caruso, na uimbaji ukawa azma yake. Mwaka 1905 alijiunga na Chuo cha Fisk, Nashville, ambacho kwaya yake ilikuwa imezitangaza nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi tangu mwaka 1871. Mwaka 1911 alifika Boston na waimbaji wa Fisk, akabaki huko kusoma kwa mwalimu Arthur Hubbard, huku akijikimu kwa kazi ya utarishi katika kampuni ya bima.

Mawakala wa muziki hawakuwa tayari kumsimamia mwimbaji Mweusi wa muziki wa aina hiyo. Kwa hiyo Hayes alijisimamia: alipanga matamasha yake, akagharimia kurekodiwa kwa santuri zake na, mwaka 1917, akakodi Symphony Hall ya Boston. Ukumbi ulijaa, lakini mawakala hawakubadili msimamo. Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Hayes, kutunzwa kulianzia ugenini. Mwaka 1920 alikwenda London, na mwaka uliofuata akaimba mbele ya Mfalme George V.

Jambo la msingi ni mpangilio wa nyimbo zake. Aliimba kazi za Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani katika lugha zake za asili, kisha, katika tamasha lilelile, akaimba nyimbo za kiroho za jamii yake. Hakuziweka kama kiburudisho cha pembeni, bali alizipa nidhamu ileile ya pumzi, matamshi na tafsiri ya maana aliyoipa kazi ya Schubert. Mwezi Novemba 1923 aliimba na Boston Symphony Orchestra katika ukumbi uleule aliokuwa ameukodi miaka sita kabla. Safari hii alikuwa mwalikwa.

Jaribio gumu zaidi lilikuja Berlin mwaka 1924. Wakati huo majeshi ya Ufaransa, yakiwamo ya askari Waafrika, yaliikalia ardhi ya Rhine, na chuki dhidi ya watu Weusi ilikuwa imechochewa. Hadhira ilimpokea kwa mizomeo. Hayes alisimama kimya hadi ilipopungua, kisha akaanza polepole wimbo wa Schubert kwa Kijerumani. Mizomeo ikageuka kuwa shangwe.

Kisa hiki kisisomwe kama sifa ya uvumilivu wa mtu mmoja tu. Gharama ya kukodi jukwaa ilibebwa na tarishi wa kampuni ya bima, ilhali taasisi zilizokuwa na uwezo zilisubiri ushahidi uliopatikana nje. Sera inayosubiri sanaa ijithibitishe kabla ya kuipa nafasi huwaachia wasanii wenyewe gharama hiyo, na wengi wao hawaimudu.