Maka za spiriti (Kitale na Bungoma)

Maka za spiriti ni kalamu za kupaka rangi ambazo wino wake umeyeyushwa katika alkoholi, kwa kawaida ethanoli au isopropanoli, badala ya maji. Nyingi zina ncha mbili: moja pana iliyokatwa mshazari ya kujaza nafasi kubwa, na nyingine nyembamba, au laini kama brashi, ya kuingia kwenye pembe. Katika miji ya Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma, hutumiwa na wanafunzi wa sanaa, waandishi wa mabango, watengenezaji wa kadi za harusi na za kuwatakia watahiniwa heri, na watu wazima wanaojiburudisha kwa kupaka rangi michoro. Si sawa na felt peni za watoto, ambazo wino wake ni wa maji, ingawa dukani zote huwekwa rafu moja na muuzaji akaziita maka peni.

Tofauti yake huonekana kwenye karatasi. Wino wa maji hulowesha nyuzi. Kalamu ikipita mahali pale pale mara ya pili na ya tatu, nyuzi huvimba, hung'oka na kujikunja kuwa vipande vidogo vinavyokwama kwenye ncha. Alkoholi haizivimbishi hivyo, hukauka upesi, na tena huyeyusha upya rangi iliyokwisha kukauka chini yake. Ndiyo maana kahawia hafifu ikipitishwa kwenye ukingo wa kahawia iliyokolea, mpaka kati yao hulegea na kupotea. Watu hulipia uwezo huo wa kuchanganya. Anayejaza ramani ya daftari hana haja nao, na mtoto wa gredi ya pili hana kabisa. Tangu mtaala wa umilisi, CBC, ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, wazazi wengi wamejikuta wakinunua manila, gundi na rangi kila muhula, na si ajabu kumwona mzazi akilipia maka za spiriti kwa kazi ambayo kreyoni ingeimaliza.

Kalamu hizi zilipata sura yake ya sasa Japani. Kampuni ya Too ilitoa Copic mwaka 1987 kwa ajili ya wabunifu waliokuwa wakipaka rangi nakala za fotokopi, na wino wake ukatengenezwa usiyeyushe wino wa mashine hiyo. Leo Copic ina rangi 358. Ncha yake hubadilishwa, wino hujazwa upya kutoka kwenye chupa, na kila rangi huuzwa peke yake. Kalamu moja hupita dola 5 Marekani kwenyewe, yaani zaidi ya shilingi 600 kabla ya nauli na ushuru. Korea Kusini ikaleta Touch ya kampuni ya ShinHan. Baadaye viwanda vya China vikaingia na seti za kalamu 24, 36, 48, 60 hadi zaidi ya 100 ndani ya mfuko mmoja wenye zipu. Ohuhu ni jina linalotambulika zaidi kati ya hizo za bei nafuu, na nyuma yake kuna utitiri wa seti zinazojiita Touch hivi au Touch vile bila kuhusiana na ShinHan. Mnunuzi wa Kitale au Bungoma asiyepata anachotaka katika maduka ya vitabu ya mjini humwagizia muuzaji wa Nairobi, hulipa kwa M-Pesa, na mzigo huja na basi.

Kosa la kawaida ni kugawanya bei ya seti kwa idadi ya kalamu. Kwa hesabu hiyo seti ya 80 hushinda daima. Lakini kati ya 80, zinazoisha ni chache zile zile: kahawia mbili tatu, kijani ya majani, kijivu, na ile isiyo na rangi ya kuchanganyia. Kahawia ikikauka, kwa kawaida haiuzwi peke yake. Ni kununua seti nzima tena na kubaki na waridi na zambarau maradufu ambazo hazijawahi kufunguliwa. Kwa hiyo seti ndogo ya 24 au 36 iliyochaguliwa vizuri ni rahisi zaidi kuliko kubwa, na fundi wa kadi anayejua rangi zake tano za kila siku anaweza hata kupata nafuu kwa kununua Copic hizo tano na chupa za wino, kisha kujazia zilizobaki kwa kalamu za China. Si kila mtu atakubaliana na hesabu hiyo. Kwa mwanafunzi ambaye bado hajui atapenda nini, seti ndogo inamtosha.

Jambo la kuangalia kwanza kwenye seti ni kahawia. Katika seti nyingi ndogo, kinachoitwa rangi ya ngozi ni waridi hafifu na krimu, na kahawia ni mbili tu, moja ya mbao na nyingine ya chokoleti. Uso wa mtu wa Bungoma hauwezi kupakwa kwa hizo. Unahitaji angalau kahawia tatu zinazofuatana, yaani hafifu yenye wekundu kidogo, ya kati na iliyokolea, pamoja na zambarau au buluu ya kijivu kwa kivuli cha shingo. Katika mpangilio wa Copic hizi ziko chini ya herufi E, na namba ya E29 au E37 humsaidia mtu kujua kilichomo. Namba za seti za bei nafuu hazisaidii hivyo, na mara nyingi rangi ya kifuniko hailingani na ya wino. Dawa ni kuchora miraba kwenye karatasi utakayotumia, kujaza kila mmoja kwa kalamu yake, kuandika namba, na kusubiri ikauke kabla ya kuamua, kwa sababu rangi iliyolowa huonekana nzito kuliko ilivyo. Baada ya kahawia huja kijivu, ambazo wanunuzi wengi huzidharau mpaka wajaribu kuchora korongo taji wa mbuga ya Saiwa au bati la paa, halafu kijani yenye umanjano ya mahindi machanga. Trans Nzoia bila kijani hiyo haichoreki.

Ili kujua kama kalamu ni ya spiriti kweli, harufu pekee hutosha mara nyingi. Pasipo uhakika, kuna njia inayopatikana kwenye kaunta yenyewe: risiti ya mashine ya supamaketi. Karatasi yake ina kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na alkoholi huigeuza vilevile. Maka ya njano ikipitishwa upande wenye maandishi, mahali ilipopita hugeuka kuwa kijivu au nyeusi. Felt peni ya maji haifanyi hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, risiti si mahali pa kupimia rangi. Wino ukishakauka kwenye karatasi ya kawaida, tone la maji halipaswi kuutawanya.

Karatasi huharibu kazi nyingi kuliko kalamu. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunyonya wino upesi. Hupenya upande wa pili, huchafua meza, na mstari hutambaa nje ya mchoro kabla rangi ya pili haijaufikia. Manila ni nzito zaidi lakini ina nyuzi zilizolegea: hunywa wino mwingi, rangi hupoa, na kalamu ya bei nafuu huisha haraka. Manila ya rangi haifai kabisa, kwani wino huu hauna weupe ndani yake na hauwezi kufunika kilicho chini. Vivyo hivyo karatasi ya kaki. Bungoma ina historia ndefu na karatasi, maana kiwanda cha Pan Paper cha Webuye kilianza uzalishaji mwaka 1974, kikafungwa 2009 na kuchukuliwa na kampuni za Rai mwaka 2016, lakini karatasi laini iliyotengenezwa mahsusi kwa maka hizi hutoka nje na bei yake huuma.

Nafuu iko kwa wapiga chapa. Duka linalochapisha kadi za harusi na programu za mazishi hukata kadi nzito, za gramu 250 au 300, na kubaki na vipande vyembamba ambavyo vingetupwa. Kwenye kadi laini isiyong'aa, wino hukaa juu kwa muda wa kutosha kuchanganywa, na vipande hivyo vinatosha alamisho za vitabu, lebo za zawadi na maua ya karatasi. Inayong'aa huonyesha rangi angavu zaidi lakini hukauka polepole na kushika alama za vidole. Michoro ya kupaka rangi inaweza kuchapwa saiba kwenye kadi hiyo hiyo, ikiwa mwenye mashine atakubali unene wake. Wino mkavu wa fotokopi huvumilia maka nyingi, ila ni vizuri kujaribu kona kwanza. Biro haivumilii hata kidogo: alkoholi huyeyusha wino wake na kuburuta ubuluu ndani ya uso wa mchoro. Mistari ya mkono ichorwe kwa kalamu ya wino usioyeyuka kwa spiriti, au ichorwe mwisho baada ya rangi.

Wengine hurefusha maisha ya maka iliyokauka kwa matone ya spiriti ya duka la dawa. Hufaulu nusu: kalamu huanza kuandika tena, lakini rangi hupungua kwa sababu kilichoongezwa ni kiyeyushi, si rangi. Lebo isomwe. Isopropanoli ya asilimia 70 ina maji yanayokunja karatasi nyembamba, na spiriti nyingine za hospitali zimetiwa mafuta yanayoacha doa. Iliyo juu ya asilimia 90 ni bora. Kwa vyovyote, kazi hii haifanywi karibu na jiko, na dirisha liwe wazi.

Kalamu za ncha mbili huhifadhiwa zimelazwa. Zikisimamishwa, wino hushukia upande mmoja na ncha ya juu hukauka. Kifuniko kisukumwe mpaka kilie. Nyingi kati ya maka hizi hutumia rangi zinazofifia kwa mwanga. Kadi ya mtihani inayokaa ndani ya bahasha haina shida, lakini picha iliyotundikwa mkabala na dirisha hupoteza waridi na zambarau kabla ya kahawia, na anayeiuza kwa mteja wa hoteli au ofisi heri aipige picha, achapishe nakala ya kutundika, na aiweke ya asili kabatini.