Picha Zilizoanza kwa Kuhesabu Miraba

Tayarisheni penseli na ile karatasi ya miraba itumikayo kwa hesabu, kwa maana tutaihitaji mwishoni mwa somo.

Leo tutazungumza juu ya zile picha ndogo zilizomo katika kompyuta na simu, ziitwazo aikoni. Mtu asiyeweza bado kusoma neno “futa” aweza kulitambua pipa la taka. Je, picha hizo zilitoka wapi? Wengi hudhani kwamba mashine ndiyo iliyozichora. Sivyo. Baadhi ya zile maarufu zilianza kwa mkono, juu ya karatasi.

Katika mwaka 1982, huko Marekani, kampuni ya Apple ilikuwa ikitengeneza kompyuta mpya, Macintosh. Kompyuta nyingi za wakati ule ziliamrishwa kwa kupiga chapa maneno, na aliyekosea herufi moja hakusikilizwa. Hawa walitaka mtu aonyeshe picha tu, jambo litendeke. Wazo halikuwa lao peke yao, kwani Xerox ilikwisha kuuza kompyuta yenye picha mwaka 1981.

Mmoja wa watengenezaji, Andy Hertzfeld, alimpigia simu Bi Susan Kare, ambaye walisoma pamoja sekondari. Bibi huyu alikuwa na shahada ya juu ya sanaa, lakini kazi ya kompyuta hakuijua. Wakati huo alikuwa akiunga vyuma, akitengeneza sanamu ya nguruwe mwitu kwa ajili ya jumba la makumbusho! Hertzfeld alimwambia atafute karatasi yenye miraba midogo kabisa.

Sababu ni hii. Skrini ya Macintosh ilikuwa na nyeusi na nyeupe tu, nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo. Kila picha ilipewa nukta 32 kwa 32, yaani 1,024. Nukta ama imewaka ama imezimika, hakuna nusu. Basi mraba mmoja wa karatasi ukawa badala ya nukta moja. Akina mama wasukao mikeka ya ukili, na washonao kofia, wataelewa upesi: ua halichorwi, huhesabiwa. Bi Kare mwenyewe aliifananisha kazi hii na almaria na kupanga vigae vidogo vya rangi.

Alijaribu mengi akayaacha. Kwa “nakili” aliwahi kufikiria paka anayejitazama katika kioo, kwa sababu kwa Kiingereza mwigaji huitwa “paka wa kunakili”. Picha hiyo haikukubaliwa, na naona ni haki; kwetu sisi angekuwa paka tu.

Lakini karatasi nayo ina upungufu. Mraba ni mkubwa kuliko nukta, na picha ipendezayo daftarini yaweza kuwa doa inapopunguzwa. Hapo mashine ilifaa. Hertzfeld alitunga programu iliyoonyesha picha ikiwa kubwa, na pembeni ikiwa katika kipimo chake halisi. Bi Kare aliwasha na kuzima nukta moja moja, akiona papo hapo kama saa ingali saa.

Alama moja hakuibuni kabisa. Steve Jobs aliona alama ya tofaa imetapakaa mno, akataka nyingine kwa kitufe cha amri. Bi Kare aliitafuta kitabuni, akapata mraba wenye vitanzi katika pembe nne, utumikao Sweden kuonyesha mahali panapostahili kutazamwa. Ungali kwenye kibodi za Apple hata leo.

Macintosh ilitolewa tarehe 24 Januari 1984. Michoro ile ya karatasi ilichukuliwa na jumba la Museum of Modern Art, New York, mwaka 2015.

Sasa, karatasi zenu. Hesabuni miraba 16 kwa 16. Kila mmoja achore kitu cha kazi yake, jembe, cherehani au chungu, kwa kuujaza mraba mzima au kuuacha wazi. Bandikeni ukutani, mrudi nyuma hatua kumi, kisha mwiteni jirani ambaye hakuwaona mkichora, mmwulize ni nini. Asipotambua, msimweleze. Ongezeni mraba mmoja au futeni mmoja, mwulizeni tena.