Sandarusi: Fukizo la Kwetu Lililosahauliwa



Mwali akitayarishwa kwetu visiwani, chetezo hakikosekani. Lakini tukiulizwa manukato haya yametoka wapi, jibu letu huwa moja: yamekuja na majahazi. Kwa mengi ni kweli. Ubani ni utomvu wa miti ya Dhofar na Usomali, na udi ni mti uliojaa utomvu kutoka India na nchi za mashariki yake. Sandarusi je?

Huko Unguja Ukuu, kusini mwa Unguja, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya utomvu uliotumika kufukizia, wa karne ya 7 au ya 8. Ulipopimwa maabara ulionekana kuwa ni sandarusi. Hizo ni karne za mwanzo za Hijria, na tayari watu wa kisiwa hiki walikuwa wakifukiza utomvu wa mti unaoota pwani yetu.

Mti wenyewe ni msandarusi, unaopatikana kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na Bukini pia. Utomvu mbichi wa mtini wazee waliuita chakazi. Sandarusi yenyewe hasa ni ile iliyozikwa ardhini miaka mingi mpaka ikawa ngumu. Ikioshwa huonyesha vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Karne ya 19 harufu ikasahauliwa, biashara ikashika. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem wakaja Unguja kununua sandarusi ya kutengenezea vanishi. Wao walileta kitambaa tulichokiita merikani. Wachimbaji wa Mrima walifukua mashimo porini, na merikani ikasafiri na misafara hadi bara. Hata Ufipa, Rukwa ya leo, ambako watu walifuma nguo zao za pamba, ufumaji ulififia kadiri nguo za kigeni zilivyozidi kuingia. Sisi tulisahau fukizo letu. Wenzetu wakapoteza nguo yao.

Bi harusi, kujifukiza si mila tupu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akijifukiza udi mtupu, au udi na kafuri, na akasema hivyo ndivyo alivyofanya Mtume (S.A.W.). Humo humo, mwanamke aliyejifukiza amekatazwa kuhudhuria sala ya Isha msikitini. Kwa hiyo jifukize nyumbani kwako, kwa ajili ya mumeo. Na ukiambiwa moshi pekee utakukinga na hasadi, kumbuka mwenye kukinga ni Allah. Moshi kazi yake ni kunukia.

Somo wako akikufukiza nguo, muulize kama bibi yake aliijua sandarusi. Akikujibu, andika asemalo, kwani wanaoikumbuka wanapungua.

Allah awabariki maharusi wetu na nyumba zao. Amin.