Hadithi za Picha kwa Msomaji wa Tenzi

Wako wasomaji wa fasihi yetu, wala si wachache, ambao hufungua diwani kwa heshima na kufunga kitabu cha katuni kwa dharau. Kwao utenzi ni urithi, riwaya ni elimu, na hadithi ya picha ni mchezo wa watoto. Insha hii yakusudia kuwashawishi wasomaji hao kwamba hadithi za picha zawafaa wao hasa, na ushahidi wake yautafuta katika historia, tena kwanza katika mkoa wa Mara.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma, akiwa mtoto ambaye lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Mtoto huyo, alipokwisha kuwa kiongozi wa nchi, alitoa mwaka 1963 tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Aliisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Kazi hizo zilileta mambo mawili mageni. La kwanza, mistari yake ilikwenda kwa mizani bila vina, na kwa mshairi wa mapokeo shairi lisilo na vina ni guni. La pili, tamthilia ni maandishi yasiyotimia yenyewe: hungoja jukwaa, sauti na mwili wa mchezaji, na macho ya mtazamaji.

Je, mgeni huyo alimfukuza mwenyeji? La. Mwaka 1996, Mwalimu alipokuwa amestaafu, zilichapishwa tenzi zake za Injili nne na za Matendo ya Mitume. Mtu yuleyule aliyevua vina katika tamthilia alivirudia katika utenzi, wala hakuna kilichopungua. Nyumba ya fasihi ina vyumba vingi, na anayeingia kimoja hakufungiwa kingine.

Mwaka huohuo wa 1996 lilitokea jambo jingine ambalo wanahistoria wa fasihi hawajalitilia maanani ya kutosha. Mjini Nairobi kampuni ya Sasa Sema ilichapisha Abunuwasi, kitabu cha Kiswahili kilichosimuliwa kwa picha na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam. Twajua safari ya jina hilo. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Wasimulizi wakamgeuza mjanja wa ngano. Ngano zikavuka bahari zikafika pwani yetu. Zikasimuliwa kwa mdomo, zikatiwa katika vitabu, na mwisho zikachorwa. Msomaji anayekubali hatua zote za safari hiyo isipokuwa ya mwisho ana deni la kutueleza sababu yake.

Tena Gado hakuanza jangwani. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na wasomaji wakaona maisha ya siku zao katika vituko vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 likazaliwa jarida la Sani, ambalo jina lake ni silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, aliwachora Lodi Lofa na Komredi Kipepe.

Husemwa kwamba picha humfanyia msomaji kazi ya kuwaza. Na tulipime neno hili kwa utenzi wenyewe. Ubeti wa utenzi ni kisanduku kidogo cha mizani; shujaa yumo vitani katika ubeti mmoja, na katika ubeti ufuatao amekwisha anguka. Pengo lililo baina yao hujazwa na msikilizaji. Hadithi ya picha nayo hujengwa kwa visanduku, na yanayopita baina ya kimoja na kingine hujazwa na msomaji. Kwa hiyo aliyezoea tenzi ana ufundi nusu tayari. Lililobaki ni kusoma polepole, na kutazama mkono na uso kama anavyopima neno.

Husemwa pia kwamba lugha ya katuni ni ya mitaani. Mara nyingi ndivyo, na ziko zilizo hafifu. Walakini mashairi hafifu nayo yako, wala hatukuuacha ushairi kwa sababu yake. Na aanze msomaji na Abunuwasi, ambaye amekwisha kumjua. Kisha atafute nakala za Sani. Halafu asome Maus ya Art Spiegelman, iliyosimulia mauaji ya Wayahudi na kutunukiwa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Hapo ataona kwamba picha zaweza kubeba msiba pia.

Jambo hili si la starehe tu. Karatasi za majarida ya bei rahisi hazidumu, na kisichofundishwa hakihifadhiwi. Tukichelewa, sura nzima ya historia ya fasihi ya Kiswahili itaoza ghalani. Tena Mara ina masimulizi ya Wazanaki, Wakurya, Wajita, Waikizu na Wajaluo. Namna mzee wa Kikurya anavyolishika litungu akisimulia, maneno hulieleza kwa shida, na mchoraji huliweka katika kisanduku kimoja. Mwanafunzi wa Bunda au Musoma mwenye kalamu ya kuchorea aweza kuifanya kazi hiyo. Lakini hataianza iwapo walimu wake wamemfundisha kwamba kazi hiyo si fasihi.